Nimeamriwa Nipige Ukelele Kabla ya Kutazama Ndege

Alhamisi, Aprili. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, unakaribia kwisha. Mvua ilianza kabla ya alfajiri ikaacha saa nne za asubuhi. Sasa ni baada ya Alasiri, jua limetoka, ua unanuka udongo mbichi, na mimi nimekasirika mpaka chai imenishinda.

Naandika ili nisije nikatoka nje nikasema nisiyopaswa kusema.

Nimerudi sasa hivi kwa Sheha wa mtaa wetu. Nimeitwa mbele ya watu wazima, mimi mwalimu wa darasa la tano, mwanamke wa miaka arobaini na mbili, nikashitakiwa kwa kuchungulia nyua za watu. Na hukumu imeshatoka. Kuanzia kesho, kabla sijaweka darubini machoni, nipige ukelele.

Kama mkwezi.

Kwa msomaji asiye wa huku kwetu, nieleze. Mkwezi wa minazi hapandi kimyakimya. Akishika shina hupiga ukelele, ili wanawake walioko uani, walioacha vichwa wazi au wanaofua na kanga moja kifuani, wajisitiri, maana akifika juu ataona nyua za mtaa mzima. Ni adabu nzuri na sina neno nayo. Lakini mkwezi anafuata nazi, na nazi haziruki ukizipigia kelele.

Mimi nafuata ndege.

Juu ya bandari yetu ya Wete, nyuma ya majengo ya zamani ya serikali, kuna kipande cha bustani ambacho hakuna anayekijali. Kina miti minne mikubwa ya mikungu, mivinje michache, na benchi la saruji lililovunjika mguu mmoja. Watu wanapita kwenda sokoni, vijana wanatupa chupa za maji, mbuzi wanakula kilichobaki. Lakini kila mwaka miezi hii, kaskazi ikishapoa na masika yakianza, mikungu ile inapata wageni. Wametoka bara, kusini huko, wanarudi makwao kaskazini, na sisi tuko njiani. Wanalala hapa, wanakula, wananenepa kidogo, halafu asubuhi moja unaamka hawapo.

Kuna mbayuwayu. Kuna ndege mmoja wa manjano mwenye mabawa meusi, ambaye mpaka leo sijampatia jina lake kwa Kiswahili, na hilo nalo linaniudhi, maana nimewauliza wazee na vijana na wote wananijibu "ndege tu". Na kuna keremkezi. Hawa ndio wangu. Wa kijani, koo la rangi ya hina, mkia una uzi katikati. Wanakamata nyuki angani, wanarudi kwenye waya, wanambamiza nyuki mpaka mwiba utoke, ndipo wanammeza. Ukiwaona mara moja kwa darubini hutaki tena kuwaona kwa macho matupu.

Darubini ni ya marehemu baba. Alikuwa karani wa bandarini, akiitumia kutazama vyombo vinavyoingia kutoka Tanga. Kioo cha kushoto kina ukungu, na mkanda wake ulikatika, nimefunga ukanda wa kanga. Miaka yote ile baba aliposimama pale juu akitazama bahari na kila kilicho chini yake, sikumbuki hata mtu mmoja aliyemwambia apige ukelele.

Nikiri jambo. Sikuanza kwa kupenda ndege. Nilianza kwa sababu baada ya talaka asubuhi zilikuwa ndefu. Nilizoea kuamka, kuwasha moto, kukuna nazi, kupika, kumtengea mtu, na yote hayo kabla sijaenda shule. Halafu ghafla sina wa kumtengea. Chai ya mtu mmoja inachemka upesi sana. Nikaitoa darubini sandukuni, nikatoka. Miaka mitatu sasa. Nimepata kitu ambacho hakihitaji kutengewa, na nilikishukuru sana, mpaka wiki hii.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Chini ya bustani, kwenye mteremko, kuna nyumba. Waya wa umeme unapita juu ya ua wake, na kwa bahati yangu mbaya keremkezi wameupenda waya ule kuliko nyaya zote za Wete. Kila asubuhi wanatoka mikunguni wanajipanga pale, ubavu kwa ubavu, kuota jua. Jua likishapanda wanatawanyika, nawe hutawaona vizuri tena mpaka kesho yake.

Nyumba ile ni ya Faki. Faki ni mtalaka wangu.

Najua. Najua! Naisikia sauti ya kila mtu anayesoma hapa: aa, kumbe. Hivyo hivyo walivyosema. Miaka mitatu mtaa mzima umeniona nimesimama pale juu na darubini, na miaka mitatu wamekuwa wakicheka nyuma ya kanga zao, wakidhani mwalimu Zuhura ana wivu, mwalimu Zuhura bado anamtaka, mwalimu Zuhura anamvizia mke mpya. Mimi nilikuwa wa mwisho kujua kwamba nina wivu. Niliambiwa jana.

Mimi nimchungulie Faki? Nimeishi naye miaka tisa. Kuna kipi cha Faki ambacho sijakiona?

Hapo ndipo ningependa kuishia, kwa sentensi nzuri kama hiyo. Lakini hii ni shajara, na nimejiwekea sharti nisidanganye humu.

Kipo nilichokuwa sijakiona. Nilikiona Jumatatu.

Jumatatu keremkezi mmoja alitoka kwenye waya akashuka chini kumfuata kereng'ende, nami nikamfuata kwa darubini, akaingia uani mwa Faki, akapinda, akapanda tena. Mimi sikupanda naye. Darubini yangu ilibaki pale pale chini, kwa sababu mbele ya kioo alikuwa Faki, ameketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, kikoi kimekunjwa mpaka magotini, anakuna.

Anakuna nazi!

Nikasema nimekosea mtu. Nikafuta kioo. Ni yeye. Kifuu mikononi, chembe za chicha zimemrukia kwenye ndevu, jasho linamtoka, na anakuna vibaya, anazungusha kifuu upande mmoja tu, anafika mpaka kwenye gome anachanganya weusi na weupe. Lakini anakuna.

Nilitazama mpaka akamaliza. Hiyo ndiyo kweli. Jicho halikuteleza, sikupitiwa. Nilitazama kwa makusudi, robo saa nzima, na keremkezi wote wakaruka bila ya mimi kuwaona.

Mkewe, Riziki, kajifungua. Yuko ndani ya arobaini yake, na mtaa mzima unajua. Mama yake alikuja kumlea akitoka kisiwani Fundo, lakini mume wa mama huyo akaugua huko, ikabidi arudi kabla ya wakati. Kwa hiyo hakuna mtu wa kumpikia. Kwa hiyo Faki anakuna nazi. Ni jambo jema, na mtu mwenye moyo safi angesema alhamdulillahi akaenda zake shule.

Mimi sikusema. Mimi nilikumbuka mwaka wa tano wa ndoa yetu, mimba yangu ilipoharibika ikiwa na miezi minne. Mama yangu alikuwa keshafariki. Siku ya nne nilikuwa juu ya mbuzi ile ile, ndiyo, ile ile, maana nilipotoka sikuitaka nikaiacha, nakuna nazi huku miguu inatetemeka, na Faki yuko barazani anasubiri chakula. Nilipochelewa aliniuliza kama moto umezimika.

Sikumchukia siku ile. Nilidhani wanaume hawajui kukuna nazi. Nilidhani ni jambo lisilowezekana, sawa na kumwambia azae.

Basi nilipoteremsha darubini nilikuwa nalia, na hapo hapo Faki akanyanyua uso, akaniona. Alivyoruka kutoka pale! Alivua fulana akaifunika mbuzi, kana kwamba ndiyo iliyokuwa uchi.

Jumanne akanishitaki.

Leo tulikaa kwa Sheha, barazani, baada ya sala. Sheha mwenyewe, kaka yangu Kombo aliyeitwa kama walii wangu, Faki, na Bi Mkasi anayekaa jirani na bustani, ambaye sijui nani kamwalika lakini alikuja na mkeka wake.

"Mwalimu," akaanza Sheha, kwa upole, "pana malalamiko. Waambiwa wazitazama nyua za watu kwa mtambo."

"Natazama ndege, Sheha."

"Ndege!" Bi Mkasi akadakia. "Wa kuliwa au wa kufugwa?"

"Si wa kuliwa wala wa kufugwa. Wa kutazamwa."

Walicheka wote, hata kaka yangu. Nataka niandike hapa kwamba walicheka. Mwanamume anaweza kukaa barazani toka Adhuhuri mpaka Magharibi, anatazama kila mwanamke anayepita na kapu lake, anajua nani kanunua nini na kavaa nini, na hiyo inaitwa kupunga upepo. Mimi nikitazama ndege nusu saa kabla ya kazi, nina jambo.

Faki alipopewa nafasi akajitia unyonge. "Mie nna mzazi ndani, Sheha. Hata siku thelathini hajatimiza. Ua ule ndio sitara yake. Yuno Mwalimu kila asubuhi kaniwekea mtambo, hata kuvuta pumzi siwezi."

"Na weye siku ulomuona," Sheha akamuuliza, "ulikuwa wafanya nini hapo uani?"

Faki akatazama mkeka.

"N'kikaa tu," akasema. "N'kipunga upepo."

Wallahi nilihisi maneno yananipanda kooni. Nilikuwa nayo. Neno moja tu, nazi, na Bi Mkasi angelibeba mpaka sokoni kabla ya Magharibi, na Faki asingetoka nje wiki mbili. Aliyetaka sitara hakuwa Riziki. Riziki hakulalamika, hata hakutajwa kuwa amelalamika. Aliyetaka kusitiriwa ni yeye, na hakuwa amevua nguo, alikuwa anamsaidia mkewe. Hiyo ndiyo aibu aliyoikimbilia kwa Sheha!

Lakini kulisema lile neno ni kusema nilitazama.

Na Sheha, ambaye si mjinga, akanigeukia. "Mwalimu, nambie na weye. Waweza kusema wallahi hujautazama ua ule hata siku moja?"

Miaka mitatu nimesimama pale. Mamia ya asubuhi. Ningeweza kuapa kwa kila asubuhi isipokuwa moja.

Nikanyamaza.

Kimya changu kilitosha. Bi Mkasi alisema "Enhee," kwa sauti ya mtu aliyekula akashiba. Kaka akainama. Faki alitazama juu kwa mara ya kwanza, na nikamwona anasubiri. Alijua ninacho cha kusema. Alikuwa anasubiri nikitoe. Sikukitoa, na alipoona sikitoi, akashusha pumzi, halafu yule mtu, baada ya mimi kumfichia siri yake mbele ya mashahidi, akasema, "Basi achukuliwe ile darubini, akae nayo kaka yake."

Angalieni shukrani.

Sheha akakataa hilo. Akasema chombo ni cha urithi, mtu hanyang'anywi mali ya baba yake. Ndipo akaja na la mkwezi. Kwamba macho yakipanda juu ni sawa na miguu iliyopanda mnazi, na adabu ni ile ile. Nipige ukelele, watu wajisitiri, kisha nitazame nitakacho. Akaniuliza kama nimeridhika. Nikamjibu nimesikia.

Njiani Kaka Kombo alitembea mbele yangu. Tulipofika kwenye kona ya msikiti akasimama. "Zuhura," akaniambia, "kwani wano ndege hawaonekani kwa macho matupu?"

Nikampita nikaenda zangu. Ananipenda, na leo ameona aibu kwa ajili yangu, na hajui hata kwa lipi.

Sasa nimekaa hapa, darubini iko kwenye meza, na najaribu kuwa mwadilifu ijapokuwa sina hamu. Kwa kweli Sheha hakukosea kabisa. Riziki ni mzazi, ua ni wake, na mimi siku moja nilisahau ndege. Ningekuwa mimi niliye kule chini na kichwa wazi, na mtalaka wa mume wangu yuko juu na darubini, ningependa kusikia ukelele. Nakubali. Nimekubali kwa maandishi, yatosha.

Nisichokubali ni kwamba hukumu imetolewa juu ya uongo. Nisichokubali ni Faki kutoka pale akitembea kama mtu aliyelinda heshima ya nyumba yake. Na nisichokubali zaidi, nilie tena au nisilie, ni kwamba alikuwa anaweza. Miaka tisa alikuwa na mikono miwili.

Nimebadilisha majina kabla ya kubandika haya hapa. Faki mwenyewe hasomi kitu mtandaoni isipokuwa matokeo ya mpira.

Keremkezi wanapungua. Jana waya ulikuwa nusu tu, na leo kwa mvua sikwenda. Nina siku tano, labda wiki, halafu mpaka mwakani. Kwa hiyo kesho naenda, ukelele au bila ukelele. Nimejaribu kuupiga jikoni, kwa sauti ndogo, nikajisikia mpumbavu. Nikaujaribu tena kwa sauti kubwa na kuku wa jirani wakakimbia.

Nilipokuwa nikiujaribu ndipo nikapata wazo ambalo limeniharibia hasira yangu.

Kesho asubuhi Faki atakuwa juu ya mbuzi. Ni wakati ule ule, kabla hajaenda kazini. Mimi nitasimama kwenye benchi nipige ukelele wangu wa halali, ulioamriwa na Sheha. Na Faki atafanya nini? Namjua kama ninavyoijua sahani yangu. Ataruka, ataifunika mbuzi, ataingia ndani akae kitako apunge upepo. Nazi itabaki nusu. Na mtu anayetakiwa kula saa hiyo ni mzazi, na mtu pekee mwingine katika nyumba ile ni huyo huyo mzazi.

Nitapiga ukelele, na Riziki atatoka kitandani aende akakune nazi.

Nimeliweka chini wazo hili mara tatu na mara tatu limerudi. Simpendi Riziki. Sina sababu ya kumpenda wala ya kumchukia. Tukikutana sokoni tunaamkiana, na mara moja alinipa ndimu. Lakini ile mbuzi naijua. Najua mahali inapobana paja. Najua jinsi tumbo linavyovuta ukiinamia kifuu na ndani bado hakujapona.

Kwa hiyo kesho nitakwenda mapema kama kawaida, nitakaa kwenye benchi nimegeukia baharini, darubini ndani ya kikapu, na nitasubiri. Nitawakosa keremkezi wakati wao mzuri kuliko wote, wakati jua linapowagusa koo, na nitakuwa nimekasirika kila dakika. Nazi moja, kwa anayejua, ni robo saa. Yeye ni nusu saa, na chicha itakuwa na weusi.

Nikiona moshi unapanda jikoni kwake, nitajua imekwisha. Ndipo nitasimama juu ya benchi, nishike kiuno, nipige ukelele wangu, na wallahi utasikika mpaka Fundo.